Walivyomhamisha Dobi

Hakuna aliyemuuliza. Hilo ndilo lililomkaa kooni mpaka leo.

Mkewe alizikwa Jumanne. Ijumaa viti vya watu vilikuwa vimesharudishwa, na watoto wake wakajifungia chumbani, chumba chake mwenyewe, yeye wakamwacha nje kwenye benchi kama mgonjwa anayengoja kuitwa. Alisikia sauti, hakusikia maneno. Mlango ulipofunguliwa, mwanawe mkubwa akatoka akijipangusa jasho.

"Baba, tumeamua."

"Mmeamua nini?"

"Utakuja kukaa kwangu."

"Kwako kule?"

"Kule kule, Baba. Hapa utabaki na nani?"

Kule ni mwisho wa nchi. Mzee alipajua kwa simu tu, mwanawe akipiga na mvua inasikika nyuma ya sauti yake. Alikuwa amelia mpaka ameishiwa. Angekuwa na nguvu zake siku ile, angewatimua wote kwa ule mti wa kukorogea nguo za kuchemsha. Lakini mti wenyewe ulikuwa wa mkewe, na mkono wake haukuweza kuuinua.

Basi wakamhamisha kama kabati. Na afadhali kabati, maana kabati hupimwa kwanza kama litapita mlangoni.

Alikuwa dobi. Mtaa mzima walimwita Mzee Pasi, na mkewe wakamwita Mama Uzi. Chumba kimoja, na uani pipa la maji, jiko, mabeseni, na kamba zilizovutwa kutoka ukuta hadi ukuta. Mke alifua, mume alinyoosha. Hakuna aliyeingilia kazi ya mwenzake. Mzee akijaribu kusuuza, mkewe humwambia, "Toa hiyo mikono, utanichafulia povu." Naye mke akiisogelea pasi, mzee humuuliza, "Unataka kuniunguzia jina?"

Wote wawili hawakwenda shule. Sasa fikiria: nguo za nyumba ishirini zinaingia beseni moja, mashati meupe ya makarani, ya wahudumu, ya walimu, yote meupe, yote sawa. Utajuaje lipi la nani? Mama Uzi alijua. Kabla nguo haijaguswa na maji, aliketi na sindano akashona alama ndani ya kola, au ndani ya kiuno cha suruali. Kila nyumba na rangi yake, kila mtu na mishono yake. Muuza dawa alikuwa kijani, msalaba. Karani wa mahakama alikuwa njano, nukta tupu, kwa sababu, alisema Mama Uzi, yule bwana huongea kwa kudonoa. Alama zilibaki humo, nguo zikazeeka nazo, wenye nguo wakasahau kwamba zipo. Hakuna shati lililowahi kulala nyumba isiyo yake.

Mashati ya mumewe yalipita beseni lile lile. Kwa hiyo nayo yalikuwa na alama: uzi mwekundu, mishono miwili imesimama bega kwa bega, mmoja mrefu, mmoja mfupi.

"Ndiyo nini hii?" alimuuliza siku za mwanzo za ndoa.

"Mrefu wewe. Mfupi mimi."

"Na mtoto akija?"

"Tutamsogezea nafasi."

Mtoto wa kwanza alikuja. Alipoanza kuvaa sare za shule, kola zake zikapata mrefu, mfupi, na nukta katikati. Huyo huyo aliyekuja kusema tumeamua.

Siku ya kuondoka, mzee alitaka kubeba pasi yake. Pasi ya mkaa, nzito, mpini umelainika kwa kiganja chake mwenyewe.

"Ya nini, Baba? Kule kuna umeme."

Mwanawe akaichukua, akampelekea Kiraka, fundi viatu wa mlango wa pili, akamwambia aiuze kama chuma chakavu. Kiraka aliipokea kwa mikono miwili. Alimtazama mzee, mzee akatazama pembeni. Watu wazima wakishaanza kulia barabarani hawajui pa kuishia.

Basi lilikata nchi kutwa nzima. Dirishani udongo ukabadilika rangi, milima ikaanza kusukumana, jua likapotea kama mtu aliyekimbia lawama. Abiria waliopanda njiani walizidi kuvaa makoti. Mzee aliteremka na shati la mikono mifupi, meno yanagongana. Mwanawe akamvika koti lake.

"Utazoea, Baba."

Alianza kulichukia neno hilo palepale kituoni.

Nyumba ilikuwa nzuri, hilo hakulikataa. Vigae sakafuni, viti vya kuzama, maji ya moto yanatoka ukutani. Lakini ukungu ulifika mlangoni kila asubuhi kama mgeni asiyeona haya. Nguo zilikaa kambani zikikauka kwa kuhurumiwa, na zilipokauka zilinuka mbwa aliyenyeshewa. Mzee alizipita akizinusa. Kule kwake shati lilikauka kabla hujamaliza kuzoza na mkeo.

Mkwewe, mke wa mwanawe, alikuwa mtu mwema, na wema wake ulikuwa wa kuchosha. Mzee akishika ufagio, anapokonywa kwa adabu. Akisogelea mashine ya kufulia, iliyokuwa ikinguruma kwenye korido kama ng'ombe mwenye gesi, anaelekezwa sebuleni. Siku moja aliishika pasi yao ya umeme. Nyepesi kama ganda la yai. Alikuwa hajagusa hata kola, mkwe akaifikia.

"Pumzika, Baba."

"Kupumzika nimepumzika. Sasa nataka kuchoka."

Mkwe akacheka, akidhani ni utani. Haukuwa utani.

Kulikuwa na jambo jingine, naye hakumwambia mtu. Mtaa ule haukuwa na hata mmoja aliyewahi kumwona Mama Uzi. Huwezi kumsimulia mtu kwa watu wasiomjua. Unasema mke wangu alikuwa hivi na hivi, wanakwambia pole, wanarudi kwenye chai yao. Mke wake alikuwa amekufa mara moja kule kwao. Huku alikuwa hajapata hata kuzaliwa.

Nyumba ya pili alikaa mwalimu mstaafu, mzee mwenzake, mwenye fimbo na kofia ya sufu. Kila asubuhi alimsalimu kwa sauti kubwa.

"Mkurugenzi! Umeamkaje?"

Mzee alidhani ni masihara ya wazee wa huko. Akaitika. Siku ya tatu au ya nne mwalimu akasimama getini.

"Sasa Mkurugenzi, kampuni umemwachia nani?"

"Kampuni gani?"

"Aa, usijifiche bwana! Mwanao ametueleza yote. Kampuni ya nguo."

Mzee akacheka. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu msiba. Jioni akalipeleka jambo mezani.

"Jirani yako ana vituko. Ananiita mkurugenzi."

Mwanawe akakohoa, akaomba apitishiwe chumvi. Chumvi ilikuwa mbele yake.

Mzee akamsogezea. Lakini hakulisahau.

Kilichovunja mambo kilikuja asubuhi, mwanawe yuko kazini kiwandani, alikokuwa msimamizi. Mkwe alimletea mashati yake yametundikwa kwenye vining'inizio, yamefuliwa na mashine, yamenyooshwa.

"Baba, chagua la leo."

Mzee alifanya alivyofanya maisha yake yote: akageuza kola kwa kidole gumba. Hapakuwa na kitu. Palikuwa na matundu madogo ya sindano tu, yamepangana. Akageuza la pili. Matundu. La tatu. Matundu.

"Nani amegusa hizi kola?"

"Mimi, Baba. Zilikuwa na vinyuzi ndani. Nimevitoa taratibu na wembe, sijakwaruza kitambaa hata kidogo."

"Viko wapi?"

"Nini, Baba?"

"Nyuzi! Nyuzi ziko wapi?"

"Si nimetupa."

Akampita. Akaenda nyuma ya nyumba, akaliinamisha pipa la taka, akatia mikono. Maganda, majani ya chai, karatasi iliyolowa. Taka za jana zilikuwa zimeshachukuliwa na gari. Mkwe alisimama mlangoni ameshika mdomo.

"Baba, jamani. Majirani wanaona."

"Waone! Na wakija wengine, waite nao waone!"

"Mimi sikujua kama ni kitu." Sauti yake ilianza kukatika. "Niliambiwa nivitoe."

Mzee akainuka. Mikono yake ilikuwa na majani ya chai mpaka viwikoni.

"Uliambiwa na nani?"

Mkwe akatazama chini.

"Binti yangu, nimekuuliza."

"Na mwanao. Nilikuwa nakunja nguo, akaja, akageuza kola moja. Akakaa nayo kidogo. Halafu akasema, toa hizo, ni alama za dobi, mtu akiziona ataanza kuuliza."

Mzee alikwenda akanawa mikono. Alinawa kwa muda mrefu kuliko uchafu wenyewe. Mkwe kukosea ni haki yake, hakuzaliwa kwenye nyumba ile, angejuaje? Lakini yule aligeuza kola. Kwa kidole gumba, bila shaka, kama alivyofundishwa. Akaona mrefu na mfupi. Akajua ni nani na nani. Kisha akasema toa.

Akapeleka mkono nyuma ya shingo yake mwenyewe. Shati alilovaa lilikuwa la kijivu, lile la siku ya mazishi. Hilo hakuwahi kumpa mtu. Alilifua mwenyewe bafuni kwa mikono, akalivaa na ubichi wake. Kidole kikapapasa ndani ya kola. Walikuwepo. Wote wawili.

Akachukua simu, akamwomba mkwe amtafutie namba ya Kiraka.

"Halo, nani?"

"Mimi."

"Mimi wapo wengi. Wewe ni mimi yupi?"

"Pasi."

"Lahaula! Dobi la watu! Bado hujaganda tu?"

"Kiraka, chumba changu."

Kiraka akasema polepole, "Ameingia mtu. Kinyozi. Ana kioo kikubwa kuliko chumba."

"Na pasi yangu? Uliiuza?"

"Nimeikalia."

"Umeikalia namna gani?"

"Niliambiwa niiuze. Nikiikalia, nani atainunua? Imenichania suruali makalioni. Angekuwepo mkeo angenitia..."

Akaishia hapo. Mzee alisikia nyundo ya mtu mwingine, mtaa wake, jua lake.

"Ile stoo yangu ya ngozi," Kiraka akasema, "kitanda kinaingia. Inanuka gundi, nakwambia mapema usije ukanilaumu."

"Gundi nitaizoea."

"Na kamba zako uani hazijakatwa. Kinyozi anaanika taulo zake, lakini anaanika vibaya."

"Mwambie nakuja."

Alipokata simu, mzee alimwita mkwewe. Mkwe alikuja amevimba macho.

"Una sindano?"

"Ninayo, Baba."

"Na uzi mwekundu."

Mkwe akapekua kopo lake. "Mwekundu hakuna. Kuna huu, wa damu ya mzee."

"Lete huo huo. Mzee mwenyewe yupo, na damu inachemka."

Akaingia chumba cha mwanawe, akafungua kabati, akabeba mashati yote kwa kumbatio moja.

"Baba, hata yale ya kazini?"

"Hasa ya kazini."

Akaweka kiti mbele ya nyumba, getini kabisa, palipo na mwanga na macho ya watu. Akaanza. Alikuwa hajui kushona. Miaka yote ile, sindano haikuwa kazi yake. Uzi ulimkatalia tunduni, mpaka mkwe akamtungia. Akajichoma, akatukana, akaendelea. Mrefu ulipinda. Mfupi ukatoka karibu sawa na mrefu, na mkewe angelisema, naam, leo umenitendea haki. Nukta ilivimba kama chunusi. Shati la pili likawa afadhali. La tatu likawa baya kuliko la kwanza kwa sababu ya hasira.

Mwalimu akapita na fimbo yake.

"Mkurugenzi! Leo sindano?"

"Mimi si mkurugenzi."

"Ah, unyenyekevu huo..."

"Nasema mimi si mkurugenzi, bwana! Mimi ni dobi. Mama wa huyu mwenye nyumba alikuwa dobi. Alifua nguo za watu kwa mikono mpaka kucha zikawa laini kama ngozi ya mtoto. Huyu amelishwa, amevishwa na amesomeshwa na povu. Kampuni ilikuwa na mabeseni na mtu mmoja wa kufua, naye amekufa. Sasa umeelewa?"

Mwalimu alisimama kidogo. Akavua kofia, akajikuna.

"Pasi ya mkaa au ya umeme?"

"Ya mkaa."

"Zile ndizo zilikuwa zinanyoosha." Akavaa kofia yake. "Haya basi, Mkurugenzi. Kazi njema." Jina lilikuwa limeshamganda ulimini.

Mwanawe alirudi jioni, jua lingali linajaribu kutoka. Aliona kiti, aliona baba yake, aliona mashati yake ya kazini yamelundikana magotini. Akatazama barabara huku na huku kabla hajasema kitu. Mzee aliliona hilo pia.

"Baba, tuingie ndani."

"Ndani nimekaa sana."

"Unanidhalilisha mbele za watu."

"Nani kamdhalilisha nani?"

"Huku watu wananiheshimu, Baba. Nimejenga jina langu mwenyewe."

"Wanamheshimu mtoto wa mkurugenzi. Wewe hawajawahi kukutana nawe."

Mwanawe akakunja uso. Alikuwa mtu mzima, mwenye watu chini yake, na alianza kutetemeka midomo kama siku alizokuwa akichapwa.

"Sasa yote haya kwa sababu ya uzi? Ni uzi tu, Baba."

Mzee akasimama. Mashati yakaanguka.

"Rudia."

Hakurudia.

"Nitajie mama yako ameacha nini. Taja! Picha moja ya kitambulisho, nayo amefumba macho. Sauti yake hatuna. Kuandika hakujua. Alichojua kuandika kilikuwa hicho, na alikiandika kwenye shingo zetu, mimi na wewe. Umekiona, umekisoma, ukakikata kwa wembe. Na hukukata mwenyewe. Umemtuma mkeo."

Mkwe, aliyekuwa mlangoni, akaingia ndani.

Mzee akatoa mfukoni mwa shati lake wembe aliouchukua kwenye kopo la mkwe, umefungwa kwenye karatasi. Akauweka juu ya kiti.

"Wembe huo. Nyuzi zangu zimo, kwenye kola zako zote. Zitoe. Safari hii kwa mkono wako."

Mwanawe aliinama akaokota shati moja. Akageuza kola kwa kidole gumba. Akakaa nayo.

"Umeshona upande," akasema mwisho.

"Sijui kushona. Anayejua amekufa."

Mwanawe akaketi kwenye ngazi, shati mapajani. Wembe hakuugusa. Hakuomba radhi pia, na mzee hakuingojea.

"Nilikuwa nakuogopea, Baba. Ulikuwa huli. Nilikukuta umelala kwenye benchi la nje, umekumbatia mti wa kukorogea."

"Ungeniuliza."

"Ungekataa."

"Ndiyo maana watu huulizwa!"

Mtu mmoja alipita barabarani, akasalimu, hakuna aliyemjibu.

"Kesho unipeleke kituoni," mzee akasema.

"Chumba hakipo tena."

"Najua. Wewe ndiye uliyekitoa. Kuna stoo ya Kiraka."

"Utaishi stoo, Baba? Na ukiugua?"

"Nitaugua kwetu. Nikitaka kumwona mama yako, nitakwenda kwa miguu."

Kulipokucha mkwe alifunga mzigo wa mzee. Alitia koti, mzee akalitoa. Akalitia tena, mzee akaliacha, kwa sababu alikuwa na ugomvi na mumewe, si na yeye. Kisha akampa kile kijiti cha uzi wa damu ya mzee kilichobaki. "Yale mashati yako matupu, Baba," alisema. "Utayashonea njiani." Mzee akakitia mfuko wa kifuani, akamshika bega, basi.

Kituoni mwanawe alimbebea begi, akampandisha, akampangia kiti cha dirishani. Mzee hakumkumbatia. Hasira ilikuwa bado imemkaa kifuani, nzito, ya moto, kama pasi iliyosahauliwa juu ya meza. Alijua atasafiri nayo nchi nzima, na atafika nayo.

Mwanawe akateremka, akazunguka, akasimama chini ya dirisha. Alikuwa amevaa shati la kazini, jeupe. Alipoinua uso kumtazama baba yake, kola ikafunuka upande mmoja. Mzee aliona, ndani, uzi wa rangi isiyo yake: mrefu uliopinda, mfupi uliozidi, na ile chunusi.

Hasira haikuisha. Ilisogea kidogo tu, kama mtu anayempisha mwenzake kwenye benchi.

"Kola yako imejikunja," mzee akamwambia. "Nani kakupigia pasi?"

"Nimepiga mwenyewe, Baba."

"Inaonekana."

Basi likaanza kuondoka. Mwanawe akatembea nalo hatua chache, mkono mmoja umeshika kola, akiinyoosha.